Kiapo Kilichomshinda Mzee wa Lango

Wametusimulia waliotutangulia, nasi tumeipokea habari yao kama amana, ya kwamba katika zama za Bani Israili, kabla hawajawa na mfalme wa kuwatawala, ulikuwapo mji mdogo wa vilimani ukiitwa Beth-Shefari. Mji wenyewe haukuwa na kitu cha kumvuta mgeni. Mizeituni, mbuzi, upepo mwingi, na kisima chenye maji ya chumvichumvi. Lakini ukimuuliza mtu wa huko atokako, alikuwa akiinua kidevu kwanza, ndipo akujibu. Na walichojivunia kilikuwa kimoja tu, nacho ni lango lao.

Msinishangae, ndugu zangu. Siku hizo hakukuwa na majumba ya mahakama. Wazee walikaa langoni, kwenye benchi la mawe, na kila mwenye shauri alilileta hapo hadharani, tajiri na fukara wakisimama juu ya vumbi lile lile. Wala hawakuhukumu kwa matamanio yao. Walihukumu kwa Taurati, kwa lile agano ambalo babu zao walilikubali mlimani, kwamba Mola ndiye mwenye sheria na wao wote, mkubwa na mdogo, ni watu wa kutii. Mimi nikisimulia habari za watu hawa kifua hunijaa, na sifichi.

Mkuu wa wazee wa lango la Beth-Shefari alikuwa Mzee Pelatia bin Hashubu. Alikuwa na miaka sabini na kidogo, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kwa miaka thelathini na minane hakupata kutajwa kwa rushwa wala upendeleo. Binamu yake mwenyewe alipong'oa jiwe la mpaka wa jirani, Mzee Pelatia alimhukumu alirudishe kwa mikono yake mchana kweupe, watu wakitazama. Binamu hakumsemesha miaka sita. Mzee alikuwa akimsalimu kila asubuhi vile vile.

Sasa basi, lango hilo lilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo waliyoiringia kuliko zote. Wazee wakishaanza kusikiliza kesi, haikatizwi mpaka hukumu itoke. Mvua inyeshe, mbuzi waingie mashambani, mtu hanyanyuki. Walisema, hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, sisi ni nani hata tuisimamishe? Maneno mazuri, naam. Yasikieni vizuri, kwa maana ndiyo yaliyomponza Mzee Pelatia.

Siku moja walikuwa wakisikiliza ugomvi wa ndugu wawili juu ya shamba la mizabibu. Jua lilikuwa kali. Wazee wote walikuwa wamewaelekea wale ndugu, isipokuwa Mzee Pelatia, aliyekaa mwisho wa benchi upande wa barabara, na kando yake Mzee Shimrathi, rafiki yake tangu utotoni. Akatokea msafiri, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, midomo imemkauka. Akasimama kwenye kizingiti akasema kwa sauti ya chini, asivuruge kikao.

"Amani iwe juu yenu, wazee wangu. Mimi ni Asareli, mwana wa Hadlai, wa kijiji cha Nefari. Naomba maji na mkate, na mtu mmoja wa kunisindikiza nivuke bonde. Nimegombana na mtu aitwaye Bunahi kule kisimani, naye ameapa kunifuata."

Mzee Pelatia hakuwa mtu wa moyo mgumu. Angekuwa nyumbani kwake, angemtilia kijana maji mwenyewe. Lakini alikuwa kwenye benchi, na kesi ilikuwa inaendelea. Akainua kiganja.

"Ngoja hapo nje, mwanangu. Kesi ya hapa haikatizwi."

Kijana akangoja. Mzee Shimrathi akamtupia jicho, kisha akageukia mashahidi. Ndugu wale wawili walikuwa na maneno mengi kupita kiasi, kila mmoja akianzia kwa babu yake. Kivuli cha ukuta kikasogea hatua nne. Hukumu ilipotoka, hukumu ya haki kabisa, Mzee Pelatia akageuka kumtafuta kijana wa watu. Hakumwona. Akadhani amepata wenyeji njiani, akaenda zake nyumbani kula.

Siku ya tatu, mchungaji mmoja akakuta maiti bondeni.

Hapa nataka mnisikilize, kwa maana ndipo sheria ya watu hawa inaponifanya nitembee nikijidai kana kwamba niliiandika mimi. Katika Taurati, mtu akikutwa ameuawa porini na muuaji hajulikani, jambo haliishi kwa watu kusikitika na kuzika. Damu ile ina mwenyewe, naye ni Mola. Basi wazee wa miji ya karibu hutoka na kamba, wakapima kutoka kwa maiti hadi kila mji. Mji ulio karibu zaidi ndio unaobeba mzigo. Wazee wake huchukua mtamba, ng'ombe jike ambaye hajavalishwa nira, wakampeleka kwenye bonde lenye maji yapitayo, wakamvunja shingo, wakaosha mikono juu yake na kuapa kwamba hawana hatia. Mtu asiye na jina, asiye na ndugu pale, asiyejulikana hata anakotoka, na wakubwa wa mji mzima wanasimama kuulizwa habari za damu yake! Niambieni ni mfalme gani wa mataifa ya siku zile aliyeulizwa swali kama hilo.

Akaja Kadhi Uzieli, Mlawi wa kabila la makuhani aliyekuwa akizunguka miji hiyo kwa ajili ya mashauri mazito, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Wakaja wazee wa Elonimu, mji wa upande wa pili wa bonde, na wazee wa Beth-Shefari. Kadhi akawauliza wote, "Yupo anayemjua maiti huyu?" Maiti alikuwa amefunikwa shuka. Akafunuliwa. Jua na vumbi vya siku mbili vilikuwa vimemharibu sura. Hakuna aliyejibu.

Desturi yao ilikuwa kupima kuanzia puani, kwa sababu ndipo pumzi ya uhai ilipokuwa ikipita. Na aliyeshika ncha ya kamba puani mwa maiti alikuwa ni mkuu wa wazee. Mzee Pelatia akapiga magoti, akaishika ncha ya kamba, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa yule kijana. Akamtambua. Midomo ile iliyokauka, nyusi zile zilizokutana. Kamba ikamlegea mkononi, na aliyekuwa upande wa pili akapaza sauti, "Mzee, kaza kamba!" Akakaza.

Ikapimwa. Beth-Shefari ikawa karibu zaidi, kwa dhiraa arobaini tu. Wazee wa Elonimu wakashusha pumzi, na mmoja wao, mtu mwungwana, akasema, "Poleni, ndugu zetu." Kadhi akaamuru mtamba aletwe alasiri.

Mzee Pelatia akarudi nyumbani kutawadha na kubadili nguo. Mkewe, Bi Hefziba, akamwekea mkate na dengu. Hakugusa.

"Baba Yoashi, unaumwa?"

"Namjua yule maiti," akasema. Akamweleza yote, maji, mkate, mtu wa kumsindikiza, na kiganja alichokiinua.

Bi Hefziba akakaa chini. Alikuwa mwanamke asiyependa kulia mbele ya mtu, hata mbele ya mumewe. Akaizungusha sahani mara mbili tatu.

"Na kiapo kinasemaje?"

Mzee akakitaja. Ilikuwa kila mzee aseme kwamba mkono wake haukuimwaga damu hii, kwamba hakushuhudia ikimwagwa, na kwamba mtu huyu hakumjia akamwacha aende bila chakula na bila mwenzi wa njia. Vipande vitatu. Cha tatu ndicho kilichomkaba.

"Wewe umewaapisha watu wangapi langoni pale?" akauliza Bi Hefziba.

"Sina idadi."

"Ulipata kumwambia hata mmoja wao aape vipande viwili, kile kingine akimeze?"

Mzee akatikisa kichwa. Mkewe akainuka, akaondoa sahani. "Basi nenda," akasema. "Ukirudi huna kiti, kiti cha jikoni kipo. Lakini ukirudi na kiapo cha uongo, mimi sitajua nimwite nani anayeingia mlangoni."

Loo! Wallahi, kuna wanawake Mola aliwaumba wawe ukuta wa nyumba.

Njiani kuelekea bondeni Mzee Shimrathi akamkuta, akamshika mkono kama marafiki wafanyavyo. Naye alikuwa amemtambua maiti, ingawa hakuwa amesema.

"Pelatia, ndugu yangu, nakuona usoni. Tafadhali usituvunje. Hatukumuua sisi. Tuseme maneno, tuoshe mikono, mji upate msamaha. Miaka thelathini na minane watu wanasema, nenda Beth-Shefari upate haki. Unataka waseme nini kesho?"

"Kijana alitaja jina lake," akasema Mzee Pelatia. "Ulilisikia?"

Shimrathi akatazama chini. "Nililisikia."

"Tukiapa, linazikwa naye. Watu wa kwao hawatajua alipolala."

Shimrathi akauachia mkono wake. Wakashuka pamoja mpaka bondeni.

Mtamba alikuwa amesimama kando ya maji, mwekundu, akila majani, hana habari. Umma wote ulikuwa umejaa kwenye mteremko, Beth-Shefari upande huu, Elonimu upande ule. Walawi walikuwa tayari. Kwa desturi ya miji hiyo kiapo hutangulia, mkuu wa wazee huapa wa kwanza, kisha wengine hufuata, na kiapo kikishakamilika mnyama huvunjwa shingo. Kadhi Uzieli akammwagia maji Mzee Pelatia mikononi.

"Apa, mzee wangu."

"Mkono wangu haukuimwaga damu hii," akasema Mzee Pelatia. Sauti yake ndogo ilisikika kwa sababu watu walikuwa wametulia. "Wala sikushuhudia ikimwagwa. Na mtu huyu..."

Akasimama hapo. Maji yakawa yanadondoka vidoleni. Kadhi akangoja. Watu wakangoja, wakaanza kutazamana, na upande wa Elonimu mtu mmoja akacheka kidogo, akanyamazishwa.

Ndugu zangu, hebu mjiweke mahali pale. Ni maneno machache yaliyobaki. Hakuna duniani wa kumsuta, ila rafiki yake, naye ameshamsihi aseme. Na wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma kana kwamba usingebabaika, jiulize mara ya mwisho ulipokiri kosa mbele ya watu kumi, sembuse mbele ya miji miwili.

"Siwezi kuapa," akasema Mzee Pelatia. "Alinijia. Aliniomba maji na mkate na mtu wa kumsindikiza. Nilikuwa kwenye kesi, nikaona kikao changu ni kitukufu kuliko kiu yake, nikamwambia angoje. Jina lake ni Asareli, mwana wa Hadlai, wa Nefari. Aliniambia anafuatwa na mtu aitwaye Bunahi, na mimi sikunyanyuka. Hii ndiyo kweli, na Mola ni shahidi, na nyinyi ni mashahidi."

Kisha akavua ile shali ya ukubwa aliyokuwa akivaa langoni, akaikunja, akaiweka juu ya jiwe.

Watu wa Beth-Shefari waliinamisha vichwa. Wengine walikuwa wakilia kwa aibu, maana ile fahari yao waliiona imevuliwa mbele ya majirani. Kadhi Uzieli akasema jambo la sheria, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa sheria.

"Ushuhuda wa mtu mmoja hausimamishi neno. Taurati inataka wawili."

Hapo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mzee Shimrathi akatoka mstarini. Akasimama kando ya rafiki yake akasema, "Nami nilimwona. Nami nilimsikia akilitaja jina la Bunahi. Nilikuja hapa nimeazimia kuapa, Mola anisamehe." Akavua shali yake pia.

Kadhi akanyanyua mkono. "Mfungueni mtamba. Huyu ni wa damu ambayo muuaji wake hajulikani, na sasa tuna jina la kumtafuta."

Akafunguliwa, akarudi kula majani yake. Na wazee wa Elonimu, wale wale waliokuwa wameshusha pumzi kwa kuepuka mzigo, wakavuka maji wakaja kuwashika mikono wazee wa Beth-Shefari, mmoja mmoja.

Bunahi hakupotea. Alikuwa amekimbilia mji wa makimbilio, ambako Taurati humpa hifadhi aliyeua kwa bahati mbaya, bila chuki ya nyuma. Aliwaambia wazee wa huko kwamba jiwe lilimponyoka mkononi likampiga mpita njia asiyemjua hata kwa jina. Walikuwa karibu kumpokea. Pelatia na Shimrathi, wazee wale wawili, wakapanda punda siku mbili, wakasimama langoni mwa mji ule na kutoa ushuhuda wa ugomvi wa kisimani na kiapo cha kumfuata. Bunahi alipomsikia Pelatia akitaja kisima, akavunjika, akakiri yote. Alitolewa, akahukumiwa kwa sheria, na damu ya Asareli ikapata haki yake. Kama wazee wale wangeapa, angekaa salama nyuma ya sheria ile ile aliyoivunja.

Mzee Pelatia hakurudi kwenye benchi. Walimsihi, akakataa. Wazee waliobaki waliiondoa ile desturi ya kutokatiza kesi, na wakaweka nyingine, kwamba msafiri akisimama kizingitini mzee aliye karibu naye ainuke, hata kama shahidi yuko katikati ya neno.

Ulipoandama mwezi, akaja mwanamke langoni, peke yake, na mzigo mdogo kichwani. Alikuwa Bi Azuba, mama yake Asareli. Habari zilikuwa zimemfikia Nefari, mwendo wa siku tatu. Alionyeshwa kaburi, akakaa hapo hadi adhuhuri. Kisha akauliza, "Yuko wapi huyo mzee?"

Mzee Pelatia akaitwa. Akaja, akasimama mbele yake kama mshtakiwa.

"Ndiwe uliyemwambia mwanangu angoje?"

"Ndimi, mama."

"Alikuwa na kiu?"

Mtu mwingine angetafuta jibu la kumpoza. Yeye hakulitafuta. "Alikuwa na kiu sana, mama. Midomo ilikuwa imemkauka."

Bi Azuba akafumba macho. Watu waliokuwa langoni walidhani atalaani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipoyafumbua akasema, "Na ndiwe uliyelitaja jina lake mbele ya watu."

"Ndimi."

"Mume wangu alikwenda kuuza manyoya ya kondoo akapotea, mwaka wa kumi na moja sasa. Mpaka leo nikisikia hatua nje natoka mlangoni. Nilidhani Asareli naye nitamngoja hivyo hivyo mpaka nife." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Kusamehe sijaweza. Sitakudanganya, kwa maana wewe hukunidanganya. Lakini nina safari ya siku tatu kurudi kwetu, na bonde lile naliogopa. Nisindikize."

Mzee wa miaka sabini hakuingia ndani hata kuchukua fimbo. Alichukua maji na mkate pale langoni, akautwaa mzigo wa yule mama akaubeba mwenyewe begani.

"Twende, mama."

"Twende," akasema Bi Azuba. "Njiani nitakueleza alikuwa mtu gani."

Wakatoka langoni wakiwa wawili, wazee wote wamesimama, kesi imekatizwa.

Hao ndio waja wema, ndugu zangu. Watu waliokuwa na agano na Mola wao, na agano hilo likawa na nguvu ya kumvua shali mkubwa wao kwa ajili ya mpita njia mmoja. Nawasimulia kwa fahari, na sioni haya, kwa sababu taifa ambalo mzee wake anaweza kusema "siwezi kuapa" mbele ya umma ni taifa ambalo kamba ya Mwenyezi Mungu bado iko mkononi mwake. Mola atujaalie ndimi ambazo uongo unazishinda kutamka, na atufikishe sote salama, pamoja na wale tuliowahi kuwaambia wangoje.